Ngiri ya kinena: nichanwe au nifanyiwe ya matundu?

Bwana Tofali
Wakuu, habari za majukumu. Nina ngiri kinenani, nafanyiwa upasuaji mwezi ujao. Daktari kanipa njia mbili: kuchanwa kama kawaida, au matundu madogo yenye kamera. Ya matundu bei imechangamka. Mliopitia, ipi bora?

Nesi wa Zamu
Mkuu, umeleta nusu habari. Upande mmoja au yote miwili? Mara ya kwanza? Umri? Pumu, presha?

Mzee Kobe
Achana na kamera. Nilichanwa 2014 kwa sindano ya mgongo, niko macho nasikia madaktari wanabishana Simba na Yanga. Kesho yake nyumbani. Neti waliyoniwekea kuziba tundu la ngiri ipo, na gunia nabeba.

Kijana wa Tandika
Mzee una bahati. Mimi nilishavalishwa gauni la tieta, nesi anakuja: neti zimeisha, ndugu wakanunue nje. Mdogo wangu kazunguka maduka matatu, nimefunga tangu usiku. Nikaingia saa tisa alasiri. Usiku mkojo ukagoma, kibofu kimejaa kama ngoma, nikalia hadi nikawekewa mpira. Asubuhi nachungulia, korodani zimekuwa biringanya. Hakuna aliyenionya! Uvimbe uliisha wiki ya tatu, ila mwaka wa pili huu, nikikaa sana kwenye daladala kinena kinachoma. Ningekuwa na hela, matundu.

Nesi wa Zamu
Mkojo kugoma na kuvimba vinatokea hata kwa matundu. Kinachopungua ni maumivu ya muda mrefu, na kazini unarudi mapema. Ila kwa kawaida ni nusu kaputi, na inataka mkono uliozoea. Muulize daktari ameshafanya ngapi.

Mizizi Tiba
Ngiri ni baridi tu. Nina dawa, siku 14 imeisha. Njoo PM.

Nesi wa Zamu
Mizizi haizibi tundu la ukuta wa tumbo. Uvimbe ukigoma kurudi ndani, ukawa mgumu na unatapika, kimbia hospitali usiku huohuo.

Mzee Kobe
Neti yenyewe chandarua tu. Uganda waliwawekea watu.

Kijana wa Tandika
Acha utani mzee.

Nesi wa Zamu
Hatanii. Matokeo ya utafiti yalitoka 2016, wanaume 302: wengine neti ya kiwandani, wengine kitambaa cha chandarua kilichotakaswa. Baada ya mwaka hakukuwa na tofauti ya maana. Usije ukakata cha kitandani.

Mzee Kobe
Sasa bei yote ile wanatuuzia nini?

Bwana Tofali
Samahani wakuu, nilikuwa saiti. Miaka 41, pumu sina, presha sina. Kushoto nilichanwa 2011, imerudi. Sasa na kulia imetoka.

Nesi wa Zamu
Aisee! Ungeanza na hilo. Imerudi baada ya kuchanwa, tena pande zote mbili? Hapo ndipo matundu yanapotakiwa. Wanapita nyuma ya ukuta wa tumbo, kovu la zamani hawaligusi, na matundu yaleyale matatu yanamaliza kushoto na kulia.

Mzee Kobe
Mimi bado ningechanwa.

Bwana Tofali
Bima wamesema wanalipia ya kuchanwa tu. Halafu fundi mwenzangu anadai ukiwekewa neti hubebi zege tena maishani. Kweli?

Mzee Kobe
Gunia la mchele, mkuu. Kilo 50.

Kijana wa Tandika
Mzee, kinena chako cha chuma kitatuua wengine.