Tupeane uzoefu: mwanao anaogopa nini, na mnamsaidiaje?

Habari zenu wazazi wenzangu. Binti yangu ana miaka minne, na tangu azaliwe mdogo wake haingii chumbani kwenye giza bila kushikwa mkono. Anasema nyuma ya mlango kuna mtu. Umri huu mtoto anawaza mengi kuliko anavyoweza kupambanua lipi la kweli, kwa hiyo simkaripii wala simwiti mwoga. Jioni taa ikiwa inawaka tunaenda wote mlangoni, kitasa anashika yeye, analikuta koti la baba yake limetundikwa, analishikashika mpaka kwenye mikono ya koti. Halafu tunazima taa tuone linavyogeuka kivuli. Ila simwambii "ngoja nimfukuze huyo mtu", maana nikimfukuza nimekubali kwamba yupo. Kwenu ikoje?

Mama Pacha: Wangu walianza kulia kila nikitoka walipofika miezi minane hivi. Ni kawaida, mtoto ameshamjua mlezi wake, na wengi hutulia wakikaribia miaka 3. Niliambiwa nitoroke wakiwa wanacheza, nikakataa. Mtoto akigundua umetoweka, kesho anakuganda zaidi. Naaga kwa maneno yaleyale, natoka, na nikisema nitarudi wakiamka, wakiamka wananikuta.

Mwalimu wa Awali: Jamani, tumbo linalomuuma mtoto Jumatatu asubuhi kabla ya shule si uongo. Hofu inamuuma mtoto kwelikweli. Tatizo ni kwamba akibakizwa nyumbani linapoa palepale, naye anajifunza kuwa dawa ni kukwepa. Kesho hofu inarudi imeota mapembe. Kabla ya kumlazimisha, chunguzeni: anaonewa? Anachapwa? Nilikuwa na mtoto aliyelia kila asubuhi, kumbe anaogopa choo, mlango wake ulikuwa ukijifunga wenyewe na yeye hawezi kuufungua. Komeo likarekebishwa, kilio kikaisha. Msipoona chanzo, aje tu, hata kwa nusu siku kwanza.

Mjomba: Mpwa wangu alikuwa kila akiona mbwa, anamkwea mtu aliye karibu kama mti. Nikafuata njia aliyoitumia mwanasaikolojia Mary Cover Jones, aliyeandika mwaka 1924 habari za mtoto Peter aliyeogopa sungura. Sungura alisogezwa kidogo kidogo huku mtoto akila anachokipenda, mpaka akamshika mwenyewe. Sisi tulianza na picha, tukaja kwa mbwa aliyefungwa, tukimtazama kwa mbali. Hatua inayofuata aliamua yeye. Ukimvuta mkono siku moja tu, unaanza upya.

Mama Pacha: Na wale wanaopiga mayowe usiku, macho wazi, lakini hawakutambui?

Muuguzi: Hiyo si ndoto mbaya ya kawaida. Huja zaidi saa za mwanzo za usingizi, na asubuhi mtoto hakumbuki kitu. Usimtikise kumwamsha. Kaa karibu asijiumize, atalala tena. Ndoto mbaya huja zaidi kuelekea alfajiri, na mtoto aliyeota hivyo anataka kukumbatiwa na kusikilizwa.

Nawe mleta mada, mdogo mtu kuzaliwa ni badiliko kubwa, mtengee muda wake peke yake kabla ya kulala. Hofu ikizidi wiki nne bila nafuu, au ikimzuia kulala, kula, kucheza au kwenda shule, mpelekeni kwa daktari au mshauri wa watoto. Msingoje akue ndipo iishe.