Mume wangu anasema mwanafunzi wa Yesu hatafuti asante. Ni kweli?

MamaPacha

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba mnisaidie kwa Maandiko, si kwa kunifariji tu.

Mume wangu anafundisha darasa la uanafunzi kanisani. Ni mtu wa Mungu kweli, na nasema hivyo kwa kuishi naye, si kwa kumwona akiwa mbele ya watu. Halewi, si mkali, hela ya nyumbani haifichi, watoto wanampenda. Darasa likiisha husimama akawashukuru watu mmoja mmoja: aliyepanga viti, aliyewahi kufungua milango, kijana wa kinanda, hata mtoto aliyegawa vitabu vya nyimbo. Anawataja kwa majina, na unaona kabisa nyuso zao zinavyong'aa.

Nyumbani ni tofauti. Jumamosi usiku, watoto wakishalala, ndipo napiga pasi shati lake la Jumapili. Lina ukosi mgumu. Unaanza na upande wa ndani, unavuta kutoka kwenye ncha kwenda katikati, la sivyo ncha zinabaki na mikunjo. Kisha nampangia karatasi za somo, maana yeye huzichanganya. Asubuhi anavaa, anachukua karatasi, anaondoka. Hajawahi kusema neno juu ya shati wala karatasi, ila siku asipozikuta mahali pake.

Juzi nikamwambia kwa upole kwamba ningefurahi kusikia asante mara moja moja. Hakukasirika. Alifungua Luka 17 akanisomea mstari wa 10: "Sisi tu watumwa wasio na faida, tumefanya tu yaliyotupasa kufanya." Akasema mwanafunzi wa Yesu hufanya kazi yake bila kungoja shukrani za wanadamu, na mimi pia ni mwanafunzi. Nikakosa la kujibu, maana mstari upo, na ni maneno ya Bwana mwenyewe.

Swali langu ni hili. Kutamani kushukuriwa na mume wangu, je, ni mwili unanisumbua? Kama ndivyo niambieni, nitatubu. Kama sivyo, mstari ule unasema nini?

Askari wa Maombi

Dada, 1 Wathesalonike 5:18, shukuruni kwa kila jambo. Mshukuru Mungu kwa mume asiyelewa wala kupiga, wengi wanamlilia Mungu wampate wa namna hiyo. Mengine ingia chumbani, funga na kuomba, umwachie Bwana. Usimsemeshe tena habari hiyo. Mungu ndiye abadilishaye mioyo.

Mzee wa Zamu

Binti yangu, umefanya vema kudai Maandiko. Nami nimekaa na waamini wapya miaka mingi nikiwafundisha Injili ya Luka, na sura hiyo huwa siipiti haraka. Basi tuisome.

Mstari wa 10 ni kweli, na tusiupunguze makali. Lakini anza mstari wa 5 uone Bwana anasema na nani. Mitume wamemwomba awaongezee imani, naye anawapa mfano wa mtumwa anayerudi kutoka kulima au kuchunga. Kisha anawaambia la kusema: semeni, *sisi* tu watumwa. Ni neno ambalo mtumwa analisema juu ya nafsi yake, juu ya kazi yake mwenyewe, mbele za Mungu. Hapo hakuna mtumwa aliyeambiwa amgeukie mtumwa mwenzake amwambie, "Wewe huna faida, umefanya tu yaliyokupasa." Mumeo akilisema juu ya darasa lake, na tuseme amina. Akilisema juu ya shati ulilolinyoosha wewe, amekuchukulia neno lililokuwa la kinywa chako.

Tena ndani ya mfano ule yuko bwana mmoja tu, na bwana huyo si mume. Mume na mke wote wawili wanatoka shambani. Anayesimama mahali pa bwana na kumpokea mwenzake kama mtumwa amesimama pasipo pake. Na hata huyo Bwana mwenyewe, rudi nyuma katika Luka hiyohiyo, 12:37, uone anavyofanya akiwakuta watumwa wake wanakesha: anajifunga, anawaketisha, anawahudumia. Mwenye haki ya kutoshukuru ndiye anayejifunga kuwahudumia watumwa wake.

Sasa endelea na mstari wa 11, bila kufunga kitabu. Wakoma kumi wanatakaswa, mmoja anarudi akimtukuza Mungu kwa sauti kuu, anaanguka miguuni pa Yesu kumshukuru, naye ni Msamaria. Na Yesu anauliza: "Hawakutakaswa wote kumi? Wale kenda wa wapi?" Kama shukrani haina maana kwa mfuasi, swali hilo lisingeulizwa. Luka ameyaweka mambo haya mawili bega kwa bega, mtumwa asiyedai asante na mtu anayerudi kuitoa, na mimi naona yanashikana. Kwa kazi ya mikono yangu nina mstari wa 10. Kwa jema nililotendewa na mwingine nina mstari wa 16, nirudi nilipotoka, nitamke.

Shida ya ndoa nyingi ni kwamba tumebadilishana. Mume anamsomea mke mstari wa 10. Mke naye, hata asipofungua kinywa, moyoni anamuuliza mume, wale kenda wa wapi. Kila mmoja ameshika andiko la kumhukumu mwenzake na kuacha lile linalomhusu. Nimewaona watu waliookoka vizuri, wanaojua Biblia, wakaishi hivyo mpaka watoto wakahama nyumbani.

Kwa hiyo nakujibu swali lako moja kwa moja. Kutamani neno jema kutoka kwa mtu uliyeungana naye mwili mmoja si dhambi. Mithali 31:28 inamwonyesha mume akimsifu mke wake, na haisemi mke yule aliharibikiwa kiroho kwa kusifiwa. Paulo naye, katika Warumi 16, anawataja Priska na Akila, mke na mume, anasema yeye na makanisa yote ya Mataifa wanawashukuru, kwa sababu walihatarisha shingo zao kwa ajili yake. Mtume aliyefundisha neema kuliko wote hakuona aibu kuandika asante ikasomwe mbele ya kanisa.

Ila jilinde na kitu kimoja. Tamaa ya asante ikigeuka mshahara, mtu huanza mgomo. Shati halipigwi pasi tena, karatasi zinaachwa zichanganyike, na sababu haisemwi. Hapo ndipo uchungu unapopata mizizi. Wewe hujafika huko. Umesema, na umesema kwa upole.

Dada Priska

Nakubaliana na Mzee, na nina neno kwa ndugu yangu Askari wa Maombi, kwa upendo. Ule mstari wa 18 tunaupenda, lakini usiruke mstari wa 14 wa sura hiyohiyo: waonyeni wasiokaa kwa utaratibu, watieni moyo walio dhaifu. Paulo hakuona kwamba kushukuru kunamzuia mtu kusema. Wakorintho walikuwa na magomvi, kesi mahakamani, vurugu hata kwenye meza ya Bwana. Waraka wa kwanza unaanzaje? 1:4, namshukuru Mungu siku zote kwa ajili yenu. Na kabla sura hiyo haijaisha ameshawaambia habari ya fitina zao, tena amesema nani kamletea habari, watu wa nyumbani mwa Kloe. Alishukuru kweli na akasema kweli. Ukimwambia mwanamke anyamaze na ukaita hiyo shukrani, umempa nusu ya waraka.

Kuna jambo lingine naliona kwa Paulo. Anapomshukuru Mungu kwa ajili ya mtu, anamwambia mtu huyo kwamba anafanya hivyo, tena anataja kwa nini. Msome Filemoni, msome Wafilipi. Wengi wetu tukiulizwa tunajibu, "Mbona namshukuru Mungu kwa ajili yako kila siku!" Sawa, lakini mwenye kushukuriwa hajasikia.

Nyumbani kwetu tumeweka utaratibu katika maombi ya usiku. Kabla ya kuomba chochote, kila mmoja anamshukuru Mungu kwa jambo moja ambalo mwenzake amelifanya siku hiyo, kwa sauti, mwenzake akisikia. Lisiwe la jumla. "Asante Mungu kwa mke mwema" hatulihesabu. Liwe, "Asante kwa kuwa leo ameamka yeye mtoto alipokohoa, nikalala." Mume wangu si mwongeaji, na mwanzoni alikuwa akinyamaza kwa muda mrefu akitafuta la kusema. Siku hizi mchana namwona ananitazama ninachofanya. Nadhani anatafuta la usiku, na kule kutazamwa peke yake kumenijenga sana.

Muuguzi wa Usiku

Naongeza dogo kwa ajili ya wengine wanaosoma hapa kimya. Mama Pacha amesema wazi mume wake si mkali. Kama wewe unayesoma unapigwa, unatukanwa, au unanyimwa matunzo wewe na watoto, hili si suala la asante, na usiambiwe ushukuru ukae. Tafuta usalama kwanza, zungumza na mtu mzima unayemwamini, kanisani au nje ya kanisa, na kwenye vyombo vya sheria ikibidi. Ndoa haikuwekwa ili mtu aumizwe ndani yake.

MamaPacha

Nimesoma nikalia, lakini kilio kizuri. Kumbe sura niliyosomewa iliendelea! Sijui kwa nini sikugeuza macho upande wa pili wa ukurasa.

Mzee, nina maswali mawili. La kwanza, nimpelekee mchungaji habari hii? Anamsikiliza sana mchungaji. La pili, nikae naye tusome Luka 17 kama ulivyoeleza, au itaonekana namfundisha mwalimu? Nisingependa kumshinda kwa hoja. Nampenda.

Mzee wa Zamu

Kwa mchungaji usianzie huko. Mathayo 18:15 inasema wewe na yeye peke yenu. Habari ya shati ikifika ofisini kwa mchungaji kabla hamjaimaliza mezani kwenu, mumeo atasikia aibu tu, hatasikia shida yako. Njia ya mchungaji ipo baadaye, ikihitajika.

Luka 17 iache kwa siku hiyo. Aliufungua mstari kukujibu, nawe ukifungua mwingine kumjibu, mtakuwa na mjadala, na katika mjadala wa Biblia mwalimu hapendi kushindwa. Mweleze mambo yako tu. Chagua wakati ambao hakuna kipindi wala mgeni, na simu yake iwe imewekwa pembeni kwa hiari yake.

Anza na asante yako kwake, Paulo alivyofanya. Usiitumie kama ngazi ya kupandia lalamiko. Akihisi ni utangulizi tu, haitakuwa na thamani. Umetuambia hapa kwamba hela haifichi na kwamba watoto wanampenda. Je, yeye amewahi kuyasikia kutoka kwako kwa maneno hayo? Labda ndiyo. Kama bado, yanamhusu yeye kuliko sisi.

Kisha mwambie unalolihitaji kama lilivyo. Umwambie Jumamosi usiku inakuwaje: saa ngapi unaanza, ukosi unavyosumbua, karatasi unazipanga kwa mpangilio gani. Kuna uwezekano mkubwa hajui. Kwake shati huwa liko tayari, na limekuwa tayari muda wote. Anamwona kijana akipanga viti kwa sababu viti vinapangwa mbele ya macho yake. Wewe unafanya kazi yeye akiwa amelala au anaomba. Mwite aje ashike pasi hata mara moja. Sisemi hivyo kumwadhibu. Bwana aliinama akaosha miguu ya wanafunzi mmoja baada ya mwingine, na anayefundisha uanafunzi atafaidika kujua maji yale yalikuwa na uzito gani.

Halafu umwombe kitu kimoja kinachofanyika. Utaratibu wa Dada Priska ni mzuri kwa sababu unaanza na Mungu, na mumeo ni mtu wa maombi, hatausikia kama mzigo mpya. Wakolosai 3 itamsaidia mwenyewe atakapofika huko: mstari wa 15, 16, 17, shukrani, shukrani, shukrani, na mstari wa 18 na 19 ni habari ya wake na waume, waume wakiambiwa wawapende wake zao, wasiwe na uchungu nao. Waraka ule ulisomwa kwa sauti mbele ya kanisa bila vichwa vya habari vya kuutenganisha. Waliosikia habari ya shukrani walisikia habari ya nyumba zao kwa pumzi ileile.

Asipobadilika mara moja, usirudie kila wiki. Rudia baada ya muda, kwa upole uleule.

Askari wa Maombi

Nimepokea, Dada Priska. Ule wa 14 nitausoma vizuri. Mama Pacha, kufunga bado nakuhimiza, lakini nenda ukaseme pia.

MamaPacha

Nitaongea naye Jumatatu jioni, ndiyo siku asiyo na kipindi. Pacha nitawalaza mapema. Nimeanza kuandika yale ninayomshukuru ili nisibabaike nikifika mbele yake, na karatasi imejaa kuliko nilivyotegemea, hata kuna mambo ya mwaka tuliooana ambayo sijawahi kumwambia. Nitaanza na hayo. Dada Priska, swali la mwisho: kwenye maombi yenu ya usiku, nani huanza, wewe au yeye?

Dada Priska

Tunapokezana. Lakini mara ya kwanza nilianza mimi, na nakushauri nawe uanze.