Kujaribu viungo vya kuimarisha oksitosini: mpango huu uko sawa?

Mfamasia_Kisumu: Wadau, tunatafuta viungo vya kuimarisha oksitosini ya sindano (dawa ya kuzuia mama kuvuja damu baada ya kujifungua), uniti 10 kwa mililita, ivumilie joto la zahanati za huku ambazo friji zake si za kutegemewa. Tuna HPLC (mashine ya kutenganisha na kupima kemikali) yenye safu ya C18, oveni moja na miligramu 5 za peptidi, yaani oksitosini yenyewe. Tumeorodhesha zinki, EDTA, manitoli, laktosi na polisobeti 80, kila kimoja peke yake katika bafa (kimiminika kinachodumisha pH) ya fosfeti, pH 7, nyuzi 55. Peptidi itatosha?

Bafa_Nakuru: Itatosha. Uniti 10 ni takriban mikrogramu 17, kwa hivyo miligramu 5 zinafika karibu mililita 300. Soma cheti cha uchambuzi wa unga kwanza lakini, maana unga huwa na asetati na maji. Peptidi yenyewe ni pungufu ya uzito unaopima.

Shida ni hiyo pH. Oksitosini hutulia karibu na 4.5. Ukipanda kuelekea 7, daraja la salfa linavurugika, molekuli zinaungana mbili mbili, na hasara hiyo itafunika faida ya kiungo chochote. Fosfeti nayo ikikutana na zinki, chumvi inazama chini. Laktosi futa kabisa: humenyuka na kundi la amino la mwanzo wa peptidi. Manitoli, gramu 50 kwa lita, ni ya kusawazisha osmosi tu.

Sasa zinki. Peke yake, au ndani ya asetati, haisaidii. Ikiwa na sitreti ndipo kinga inaonekana. Ukijaribu kimoja kimoja utaitupa bure. Tengeneza michanganyiko minne, yote pH 4.5: asetati milimola 10 kwa lita, asetati na zinki, sitreti milimola 10 kwa lita, sitreti na zinki. Zinki anza na milimola 2, kisha 10. Rekebisha pH baada ya kuongeza zinki, kwa sababu huishusha. EDTA usiichanganye humo, itaikamata zinki yote.

Safu_C18: Naongezea kuhusu sitreti: kwenye joto hujishikiza yenyewe kwenye oksitosini na kuleta vilele vipya kwenye kromatogramu (grafu ya HPLC, kila kilele ni kemikali moja), hasa zinki isipokuwepo. Usihesabu kilele kikuu peke yake. Soma kromatogramu nzima kwa nanomita 220.

Kwa mikrogramu 17, kuta za kichupa nazo hula dawa. Weka sampuli nyuzi 4 kwa saa 24, upime tena. Eneo la kilele cha oksitosini likipungua bila kilele kipya, peptidi imenata, haijaharibika. Hapo ndipo polisobeti (aina ya sabuni laini inayozuia kunata) ina kazi, asilimia 0.01, ila chagua yenye peroksaidi kidogo. Ukichuja, mwaga mililita 2 za kwanza.

Mfamasia_Kisumu: Asanteni sana. Tupime siku zipi? Na stima ikipotea oveni ikapoa?

Bafa_Nakuru: Siku 0, 3, 7, 14 na 28, vichupa vitatu kila mara, na ukishafungua kimoja usikirudishe. Vingine vikae nyuzi 4 kama kilinganishi. Weka kipimajoto kinachorekodi ndani ya oveni. Michanganyiko yote ikiwa humo kwa pamoja, yote imepoa kwa kiwango kimoja, kwa hivyo mpangilio wa ipi bora bado unafaa. Kasi ya kuharibika ndiyo usiinukuu. Viwili bora vihamishie nyuzi 40 na 30 kwa miezi kadhaa, maana mshindi wa 55 si lazima awe mshindi wa 30.