Mrejesho: ile tenti ya familia, tulienda nayo Hell's Gate

Wadau asanteni sana, mimi ndio niliuliza tenti gani inatosha watu sita na vile ya kuisimamisha. Nilimskiza yule mwenye alisema ile namba ya kwa boksi inahesabu watu wamebanana bila mabegi, nikachukua ya watu wanane na kweli tulilala vizuri, watoto upande wao. Ushauri wa kuifungua kwanza hapa kwa ploti ndio ulisaidia kuliko yote, juu tulifika Naiburta, ile kambi ya ndani ya Hell's Gate, jioni upepo ushaanza na kila mtu alikuwa anajua fito yake inaingia wapi. Mlango tuliugeuza upepo uje kwa nyuma, turubai ya chini tukakunja ncha zisitokeze nje, mvua ikanyesha usiku na sakafu ikabaki kavu kabisa.

Zenye zilikataa ni pegi, vile vijiti vya kushikilia tenti chini. Zile nyembamba za kuja na tenti zinang'oka kwa huo udongo wa vumbi hata ukizipiga mshazari vile mlisema, ikabidi kamba za upande wa upepo tumefunga kwa mawe makubwa. Naenda Kamukunji kwa mafundi wa jua kali nichongewe pegi ndefu za chuma.