Simu yenye NFC au saa janja kwa malipo ya kugusa na tiketi za kidijitali: nichague ipi?

Kasanda_Igoma aliandika:
Wanajukwaa, nawasalimu nyote. Nimedunduliza shilingi 1,200,000 na ninataka kununua kifaa kimoja kitakachoniwezesha kulipa kwa kugusa mashine na kubeba tiketi na pasi zangu bila karatasi. Nimefika njia panda: ama niachane na simu yangu nichukue yenye NFC (teknolojia ya mawimbi ya masafa mafupi inayowezesha kulipa kwa kugusa), ama nibaki nayo na kununua saa janja inayofanya kazi hiyohiyo mkononi. Muuzaji mmoja wa hapa Mwanza mjini kati ananiambia saa ni bora kwa kuwa haiporwi kirahisi, na jirani yake wa duka la pili anasisitiza kwamba saa ni pambo tu. Ninaomba mwenye uzoefu anieleze, kwa sababu natakiwa niwe nimeamua kabla ya mwisho wa mwezi.

Fundi_Mabatini alijibu:
Kaka Kasanda, swali lako halijibiki kama lilivyo, kwa kuwa umetunyima mambo matatu: una simu gani sasa, kadi yako ni ya benki ipi, na utakuwa unalipia wapi. Apple Watch haifanyi kazi na simu ya Android hata kidogo, na saa za Samsung kuanzia Galaxy Watch4 ya mwaka 2021 hazikubali iPhone. Mtu anayenunua saa kwanza na kufikiria simu baadaye hujikuta ananunua mara mbili.

Jambo jingine ni neno hilo NFC lililoandikwa kwenye boksi. Huletewa hapa mezani kwangu saa za bei nafuu ambazo wenyewe wameahidiwa kwamba zinalipa, na nikizifungua nakuta NFC yake inaweza kufungua mlango wa elektroniki au kutuma jina na namba ya simu kwa mtu mwingine, basi. Haibebi kadi ya benki. Kwa upande wa simu, jina lilelile la toleo linaweza kuwa na NFC katika soko la nchi moja na kuikosa katika soko la nchi nyingine, kwa hiyo usiridhike na tangazo lililobandikwa ukutani. Ingia kwenye mipangilio mwenyewe, muuzaji akiwa mbele yako, uitafute mpaka uione.

MamaKulwa_Mwaloni alijibu:
Mwanangu Kasanda, mimi ninauza dagaa na sato hapa Mwaloni, Kirumba, na wateja wangu wengine wanatoka Kahama, Burundi na hata Kongo. Sijawahi kumwona hata mmoja akininyooshea saa ili anilipe. Wanalipa kwa lipa namba au wananitumia moja kwa moja, na anayetumia simu ya vitufe anapiga *150*00# na fedha inaingia wakati mzigo bado uko kwenye mizani. M-Pesa iko nchini tangu mwaka 2008, watu wameizoea, na mashine ya kugusa hapa sokoni haipo. Milioni moja na ushee ni mtaji wa magunia ya dagaa. Usiitupe kwa kitu ambacho hata mama lishe wa Igoma hawezi kukipokea.

Mwalimu_Ilemela alijibu:
Shikamoo Mama Kulwa. Kwa mazingira ya Mwaloni uko sahihi kabisa, ila tusichanganye njia mbili zinazofanya kazi kwa namna tofauti. Ukilipa kwa lipa namba, simu yako ndiyo inayowasiliana na mtandao, na mtandao ukikatika muamala unakwama. Ukigusa mashine, simu au saa haihitaji mtandao wakati huo, kwa kuwa inapitisha taarifa kwa mawimbi ya masafa mafupi mno, yapata sentimita 4, na kazi ya kuwasiliana na benki inabaki kwa mashine ya mwenye duka. Isitoshe, namba halisi ya kadi haipiti hapo. Kifaa hupewa namba mbadala ambayo ni yake peke yake, na kila muamala huambatana na msimbo unaotumika mara moja. Ndiyo maana simu ikipotea benki inaweza kuifuta namba ile mbadala, na kadi yako ya plastiki ikaendelea kutumika.

Hata hivyo kuna sharti ambalo wauzaji hawalisemi. Kadi haiingii kwenye Google Wallet au Apple Pay, yaani programu zinazobeba kadi ya benki ndani ya simu au saa, kwa sababu tu una simu nzuri. Inaingia pale ambapo benki iliyotoa kadi hiyo imekubaliana na mwenye programu. Kwa hiyo Kasanda, kabla ya kwenda dukani, nenda benki.

MamaKulwa_Mwaloni alijibu:
Marahaba mwalimu. Nimekuelewa kuhusu mtandao, lakini mimi ninachoogopa ni makato. Tozo za miamala zilipoanza Julai 2021, wateja wangu wengi walirudi kwenye noti, na mimi nikarudi kutembea na fedha kwenye khanga kutoka Kirumba hadi nyumbani, jambo ambalo nilikuwa nimeliacha kwa miaka mingi. Septemba ya mwaka huohuo zilipunguzwa kwa asilimia 30, lakini hofu ilikuwa imeshaingia. Je, huko kwenye kugusa anayekatwa ni nani?

Mwalimu_Ilemela alijibu:
Kwa kawaida, mama, ada ya muamala wa kadi hukatwa kwa mwenye duka na benki inayomhudumia, si kwa mnunuzi anayegusa. Ndiyo maana wafanyabiashara wadogo wanasita kuichukua ile mashine, na sina haki ya kuwalaumu.

Kasanda_Igoma aliandika:
Naomba radhi kwa kutojieleza vizuri. Simu yangu ni ya Android, ya bei ya kati, na kufuatana na maelekezo ya Fundi nimetafuta kwenye mipangilio nikakuta haina NFC. Kadi yangu ni ya benki ya hapa Mwanza na sijawahi kuijaribu kwenye programu yoyote. Sikutaja kwamba kifaa hiki sikihitaji hasa kwa Mwanza: Septemba ninakwenda London kwa masomo ya mwaka mmoja, na nimeambiwa kwamba huko karibu kila kitu hulipiwa kwa kugusa.

Fundi_Mabatini alijibu:
Sasa ndipo umeuliza swali. Kama simu yako haina NFC haimaanishi kwamba saa haitafanya kazi, kwa sababu saa ina NFC yake, lakini kwa bajeti hiyo mimi ningechukua simu.

Nyakato_Ughaibuni alijibu:
Nimeishi London miaka miwili, nikarudi Nyakato mwaka jana, kwa hiyo niruhusuni niseme kwa kirefu kidogo. Mabasi ya London yaliacha kupokea fedha taslimu Julai 2014. Ukipanda ukiwa na noti mkononi, dereva hawezi kukupokea. Unagusa kadi ya benki, simu, saa, au kadi ya usafiri iitwayo Oyster. Katika treni za chini ya ardhi unagusa unapoingia na unagusa tena unapotoka, na hapa ndipo wageni wengi wanapoumia. Mfumo unaitambua namba ile mbadala aliyoieleza Mwalimu, si jina lako. Ukiingia kwa simu na kutoka kwa saa, hata kama kadi iliyo ndani ya vifaa hivyo viwili ni moja, unahesabiwa kuwa wasafiri wawili ambao hawakukamilisha safari, na kila mmoja anakatwa nauli ya juu kabisa. Ukomo wa nauli wa siku, yaani kiasi ambacho ukikifikia hukatwi zaidi siku hiyo, nao huhesabiwa kwa kila kifaa peke yake. Chagua kifaa kimoja cha usafiri na usikibadilishe katikati ya siku.

Kuhusu madukani, ukomo wa kadi ya plastiki kwa mguso mmoja ulipandishwa hadi pauni 100 Oktoba 2021, lakini simu na saa hazikubanwa na kiwango hicho kwa kuwa mwenyewe unathibitisha kwa alama ya kidole, uso au namba ya siri. Mimi nilipendelea saa. Asubuhi ya baridi, ukiwa na glavu na mkoba, kunyoosha mkono langoni ni rahisi kuliko kutafuta simu ndani ya makoti mawili. Ukiivua inajifunga yenyewe mpaka uweke tena namba ya siri, kwa hiyo aliyeiokota hawezi kulipia kitu.

Mvuvi_Igombe alijibu:
Ndugu Kasanda, mimi sijafika London, lakini nina jambo lililonipata ambalo ningependa ulisome kabla hujaweka maisha yako yote ndani ya kifaa kimoja. Mwaka juzi, kabla daraja la Kigongo hadi Busisi halijafunguliwa, nilikuwa ninavuka kwa feri ya Kamanga kwenda Sengerema kumzika shangazi yangu. Nilikuwa nimeacha pochi nyumbani kwa makusudi, nikijiambia kwamba kila kitu kiko kwenye simu: fedha za rambirambi, nauli ya kurudi, namba za ndugu wa kule, hata picha ya kitambulisho changu cha NIDA. Tulipokaribia gati watu wakasogea mbele, mtu akanigusa kiwiko, na simu ikaruka juu ya ukingo. Niliisikia ilivyogonga chuma kabla ya kuingia majini, na sauti hiyo ninaisikia hadi leo.

Nilishuka nikiwa sina hata shilingi mia. Kijana wa bodaboda alinipeleka msibani kwa imani tu, na shemeji yangu akamlipa. Rambirambi yangu sikuitoa siku ile, na ninyi mnajua aibu ya kukaa msibani mikono mitupu mbele ya wazee. Kesho yake nilikwenda kwenye duka la kampuni ya simu kurudishiwa laini, nikatakiwa namba ya NIDA, ambayo sikuikumbuka kwa kichwa, na alama ya kidole, ambayo mashine ilikataa mara nne kwa sababu vidole vyangu vimechubuka kwa nyavu. Nikapiga simu benki kwa simu ya shemeji ili wazuie programu yao, wakaniambia watatuma namba ya uthibitisho kwenye laini yangu, laini ambayo iko chini ya ziwa. Ilinichukua siku tatu kuifikia fedha yangu mwenyewe. Tangu siku hiyo ninatembea na kadi ya plastiki kwenye mfuko wa shati na noti mbili ndani ya kiatu, na namba yangu ya NIDA nimeikariri.

Nyakato_Ughaibuni alijibu:
Pole sana, kaka. Kwa uzoefu huo nadhani saa ingekusaidia, kwa kuwa Apple Watch na nyinginezo za namna hiyo zinalipa hata simu ikiwa mbali au imezimika, mradi kadi ilikwisha kuwekwa ndani yake.

Mvuvi_Igombe alijibu:
Ingenisaidia kulipa wapi, dada? Kijana wa bodaboda wa Kamanga hana mashine. Na laini yangu isingetoka ziwani kwa sababu nimevaa saa.

Dada_Bugando alijibu:
Niongeze kuhusu pasi za ndege, kwa kuwa ninasafiri mara kwa mara kikazi. Niliwahi kuweka pasi ya kupandia ndege kwenye saa, na katika uwanja mmoja kisomeo cha msimbo kilikuwa kisanduku chenye mdomo mwembamba ambao mkono wangu haukuingia. Nililazimika kuvua saa, na ilipovuliwa ikajifunga, nikaanza kubonyeza namba ya siri huku foleni ikinisubiri nyuma. Kwa simu jambo hilo halikuwahi kunipata, ingawa chaji iliwahi kuniishia. Kwa malipo saa inafaa, lakini kwa tiketi yenye msimbo wa kuskani kioo kikubwa ndicho kinachofaa, na mimi bado ninachapisha nakala moja ya karatasi.

Fundi_Mabatini alijibu:
Kuhusu chaji, iPhone kuanzia XS zina akiba inayoruhusu kadi ya usafiri iliyowekwa katika hali ya haraka (inayogusa bila wewe kufungua simu) kuendelea kugusa malango kwa hadi saa tano baada ya simu kuonyesha kwamba chaji imekwisha. Apple Watch ya kawaida, hadi Series 10 ya mwaka 2024, ilipangiwa saa 18 kwa chaji moja, kwa hiyo anayerudi usiku na kusahau kuichaji ataamka na saa isiyolipa kitu.

Kasanda_Igoma aliandika:
Ninawashukuru nyote. Leo nimekwenda benki, na mhudumu amenieleza kwamba kadi yangu haiingii kwenye programu hizo kwa sasa, lakini ya plastiki ina alama ya mawimbi na itagusa mashine nje ya nchi endapo nitaomba ifunguliwe kwa matumizi ya huko. Nimemwomba muuzaji anishikie simu moja ya Android yenye NFC hadi Jumamosi. Saa bado inanivutia, hasa kwa alivyoieleza dada wa Nyakato, lakini nadhani nitasubiri mpaka nifungue akaunti kule.

Mvuvi_Igombe alijibu:
Na laini yako ya hapa, inayopokea namba za uthibitisho za benki, utaondoka nayo au utaiacha kwa nani?

Kasanda_Igoma aliandika:
Hilo sikulifikiria kabisa. Hata akaunti ya viza yangu ya kidijitali niliifungua kwa namba hiyohiyo, na kila ninapoingia inanitumia msimbo huko.

MamaKulwa_Mwaloni alijibu:
Usimwachie mtu, mwanangu. Kesho asubuhi, kabla ya kurudi kwa huyo muuzaji wa simu, pita kwanza duka la laini uulize kama itapokea ujumbe ukiwa London na itakugharimu kiasi gani kwa mwezi, kisha uje utuambie, maana binti yangu Kulwa naye ameomba chuo nje.