Makubazi meusi yanachuja rangi, nifanyeje?

Fundi_Mchanga
Wakuu, habari za leo. Nipo Tanga, nimeanza kutengeneza makubazi na mikanda kwa mkono. Kukata na kushona naenda vizuri, kinachonisumbua ni rangi. Nanunua ngozi isiyo na rangi, napaka rangi ya spiriti kwa kitambaa. Kahawia inakubali. Nyeusi ikikauka inabaki na kiwingu cha kijani kinachong'aa, halafu inachuja. Mteja wangu amevaa mkanda na suruali ya kaki, kiuno chote kimepakaa weusi. Sasa naogopa kumuuzia mtu makubazi ya kuvaa Ijumaa na kanzu nyeupe. Pia kingo zina manyoya. Nimalizie na nini?

Seremala_wa_Pwani
Piga vanishi ya mbao, mkono mmoja tu. Maji hayapiti tena.

Mama_Ngozi
Ndugu yangu Seremala, samahani, vanishi kwenye makubazi hapana. Ule ukanda unakunjika kila hatua; vanishi inakakamaa, inapasuka vimistari, na rangi iliyo chini bado inachuja.

Mdogo wangu, hicho kiwingu cha kijani ni rangi iliyozidi, imekaa juu bila kuingia. Kwanza ifute ngozi kwa spiriti ili mafuta na ung'avu wa juu vitoke. Zimua rangi yako, upake mikono myepesi: wa kwanza kwa urefu, unaofuata kwa upana. Acha ilale mpaka kesho yake. Kisha chukua kitambaa cheupe kikavu, sugua, geuza upande, sugua tena. Hapa ndipo wengi wanakata tamaa mapema, maana mkono unauma na kitambaa bado kinatoka cheusi. Usiache mpaka kitoke safi. Baada ya hapo mafuta kidogo sana (ya zeituni yanafaa), na nta ya nyuki iliyoyeyushwa ndani ya mafuta hayohayo, uing'arishe kwa brashi. Nta inazuia maji kiasi. Rangi iliyozidi haiizuii, kwa hiyo usiruke kusugua.

Na spiriti ukae nayo nje, mbali na jiko.

Kariokor_254
Kwa nyeusi, mimi niliacha kupaka rangi kabisa. Loweka stilwaya ya kusugulia sufuria ndani ya siki nyeupe, kwanza uioshe kwa sabuni itoke mafuta. Usikaze kifuniko, inatoa gesi. Ikiacha kutoa mapovu, baada ya wiki hivi au zaidi, chuja kwa kitambaa. Ukiipaka kwenye ngozi inakuwa nyeusi ukiangalia, kwa sababu chuma kinashikana na tanini, ile dawa ya magome ya miti inayobaki ndani ya ngozi. Weusi huo unatokea ndani ya ngozi yenyewe, kwa hiyo hauna unga wa kuchafua nguo. Ukimaliza, suuza kwa maji yenye baikaboneti kidogo kuua ile asidi, kisha maji safi, na mafuta ngozi ikiwa na unyevu kidogo. Usitumie magadi, ni makali kwa ngozi.

Lakini inataka ngozi iliyodabaghiwa (iliyotiwa dawa isioze) kwa magome ya miti, mfano ya miwati. Kata kipande uangalie katikati: kikiwa hudhurungi ni magome, kikiwa kijivu cha bluu ni kromu, yaani imedabaghiwa kwa chumvi za madini ya kromu.

Mama_Ngozi
Njia hiyo ya Kariokor naiunga mkono. Kuhusu kingo: msasa mnene, kisha laini, lowesha kidogo kwa maji, paka nta, usugue kwa kipande cha mti mgumu mpaka pang'ae. Rangi ya kingo itangulie nta, la sivyo haishiki.

Fundi_Mchanga
Asanteni sana, dada yangu na mkuu Kariokor. Nimekata sasa hivi. Ya mikanda ni hudhurungi mpaka ndani. Ya kamba za makubazi katikati ni bluu.

Kariokor_254
Basi mikanda ipeleke kwenye siki. Hiyo ya bluu usihangaike kuipaka rangi kwa mkono, na kingo zake hazitang'aa kwa kusugua. Kromu nyeusi nunua iliyotiwa rangi kiwandani, kule inazungushwa ndani ya pipa mpaka rangi ipenye. Kabla ya kulipa, sugua kitambaa cheupe chenye maji hapohapo dukani. Kikitoka cheusi, iache.

Fundi_Mchanga
Stilwaya imeshaingia kwenye siki. Nitaleta picha ya mkanda wa kwanza.