Mitaro ya majaribio ichimbwe kabla ya kibali cha ujenzi, au baada?

TabakaLaChini
Wadau, utaratibu uliozoeleka ni huu: mtaalamu wa malikale anapitia ramani za zamani na picha za angani, anatembea kiwanja siku moja, kisha anaandika "uwezekano wa kukuta mabaki ni mdogo". Kibali kinatoka, na uchunguzi wa ardhini, yaani kuchimba mitaro ya majaribio kuona kama kuna mabaki ya kale, unabaki kuwa sharti la baadaye. Napinga. Mtu akishakuwa na kibali, mkopo na mkandarasi, hakuna atakayehamisha jengo hata mita 10.

Tazameni Manhattan, New York, mwaka 1991. Ramani za kale zilionyesha makaburi ya Waafrika palepale serikali kuu ya Marekani ilipotaka kujenga. Tathmini ya mezani ikaona kwamba misingi ya majengo ya baadaye ilikwisha kuyaharibu. Kumbe eneo lilikuwa limejazwa kifusi cha mita kadhaa, na makaburi yalilala salama chini yake. Mabaki ya watu zaidi ya 400 yalifukuliwa mkandarasi akiwa tayari kiwanjani. Ilibidi wananchi wapaze sauti na wabunge waingilie kati ndipo kazi ikasimama mwaka 1992. Kina cha kile kifusi kingejulikana kwa mashimo machache tu.

HesabuZaSaiti
Ndugu, mfano wako ni mzito, lakini tuangalie upande wa pili. Kabla ya kibali, mwenye mradi mara nyingi hajamiliki ardhi. Kuna mazao, kuna nyumba za watu. Unamtaka akate mitaro kwenye shamba la mtu kwa mradi ambao huenda ukakataliwa? Halafu mtaro uliofukiwa ovyo ni udongo laini chini ya msingi, na jengo litatitia upande mmoja. Kwa nini tusitumie vipimo visivyochimba, kama kupima sumaku ya udongo na rada ya ardhini?

TabakaLaChini
Hilo la kutitia ni kweli, na dawa yake inajulikana. Udongo wa juu unawekwa rundo lake na wa chini rundo lake. Wakati wa kufukia unarudishwa kwa mpangilio uleule na kushindiliwa kila sentimita 20, na pembe za mtaro zinapimwa ili mhandisi wa msingi ajue ulipo.

Kiasi nacho si cha kutisha. Hekta moja ni mita za mraba 10,000. Ukichukua asilimia 5, ni mitaro 10 ya mita 25 kwa 2. Kijiko, ile mashine ya kuchimba, kiwe na ndoo isiyo na meno, kikwangue sentimita 10 kila kinapopita huku mwanaakiolojia amesimama pembeni akiangalia rangi ya udongo. Meno yanachana tabaka. Shimo la nguzo ya nyumba, ambalo ni duara jeusi tu la upana wa kiganja, linapotea bila mtu kuliona.

Mkwaju
Kuhusu vipimo: sumaku ni hodari kwa tanuri, majivu na mitaro ya kale iliyojaa. Lakini pitisha karibu na uzio wa chuma au juu ya kifusi chenye nondo, picha yote inakuwa kelele. Rada nayo inakufa kwenye mfinyanzi uliolowa na udongo wa chumvi. Na kaburi halina sumaku ya maana. Vipimo vikuelekeze pa kuchimba. Visichukue nafasi ya kuchimba.

Hata hiyo asilimia 5 isiabudiwe. Handaki la kale la urefu wa mita 60 lina nafasi nzuri ya kukatwa na mtaro mmojawapo, ila kaburi moja la mita 2 kwa sentimita 70 lina nafasi kubwa ya kukwepa yote. Ripoti iseme "hatukukuta", isiseme "hakuna".

ChokaaNaJiwe
Mbona wote mnaongelea pale jengo linapokaa? Uharibifu mwingi unatokea nje ya ule mstari mwekundu wa mpaka kwenye mchoro: machimbo ya kokoto, barabara ya muda, kambi ya wafanyakazi. Ukivuta maji ya ardhini ili kukausha shimo la msingi, mbao na ngozi zilizohifadhiwa na unyevu kwa karne nyingi zinaanza kuoza hata kiwanja cha jirani. Kwa majengo ya kale, kiwango cha Kijerumani DIN 4150 kinaweka ukomo wa kasi ya mtikisiko kwenye msingi kuwa milimita 3 kwa sekunde, masafa yakiwa chini ya hezi 10. Nyufa zipigwe picha na kupimwa kabla ya nguzo ya kwanza ya msingi kugongwa ardhini, la sivyo baadaye ni ubishi mtupu.

Na msidanganywe na "nguzo zinakula asilimia 2 tu ya eneo". Ongeza vichwa vya nguzo, mihimili ya chini, mabomba ya majitaka na shimo la lifti, kisha hesabu upya.

HesabuZaSaiti
Kwa kiwanja nimekubali. Barabara je? Kilomita 80 kwa upana wa mita 60 ni hekta 480; asilimia 5 yake ni hekta 24 za mitaro. Hakuna atakayelipa.

Mkwaju
Usichimbe sawasawa kote. Timu itembee njia nzima kwa mistari ya mita 15, iweke alama kila penye vigae vya vyungu au mavi ya chuma (masalia ya kuyeyusha chuma). Mitaro ielekezwe hapo, kwenye vivuko vya mito na kwenye miinuko. Kwenye mabonde ambako mafuriko yamelaza tope, kutembea hakuoneshi kitu. Huko toboa mashimo ya kina, hata kama juu pako peupe. Na hayo yafanyike wakati njia bado ina michoro miwili au mitatu ya kuchagua.

TabakaLaChini
Hapo ndipo ninaposimama: wakati bado kuna mchoro wa pili.